Sura ya Nne: Mashahidi wa Pangani

Tafuta katika maduka ya vitabu ya Tanga au Dar es Salaam kitabu kimoja cha Kiswahili kinachosimulia historia ya mji wa Pangani tangu mwanzo hadi leo, na aghalabu utarudi mikono mitupu. Usidhani kwa hilo kwamba mji huu haukuandikwa. Pangani, uliokaa penye mlango wa mto wenye jina hilohilo, kilomita hamsini na kitu kusini ya Tanga, umeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Umechorwa ramani, umepigwa picha, umetajwa katika utenzi. Maandishi yapo. Yametawanyika tu, mengine yako kwenye kasha la bibi mmoja mtaani, mengine yako Berlin.

Tena karibu kila aliyeuandika mji huu alikuja na shughuli nyingine. Mmoja alikuja kununua pembe, mwingine kutoza ushuru, mwingine kuhubiri, mwingine kupandisha bendera. Habari za mji ziliingia katika maandishi yao kwa kuwa mji ulikuwa njiani mwao. Ndiyo maana katika sura hii nawaita mashahidi. Shahidi huulizwa alikuwa amesimama wapi na alikuwa na maslahi gani, kisha huwekwa mbele ya shahidi mwingine. Anayetafuta historia ya mji mdogo akifahamu hilo, hatasubiri kitabu kimoja kimweleze yote, na hatakiamini kimoja peke yake akikipata. Nimeichukua Pangani kuwa mfano kwa sababu mashahidi wake ni wengi na wanapingana waziwazi. Mtu wa Kilwa Kivinje, wa Ujiji au wa Vanga atapita njia ileile kwa majina mengine.

Anza mjini

Watafiti wengi wachanga hukimbilia Nyaraka za Taifa kwanza. Nawashauri wasifanye hivyo. Majalada ya Nyaraka yamepangwa kwa ofisi zilizoyatunga, hayakupangwa kwa maswali yetu. Hutakuta jalada lililoandikwa "Maisha ya watu wa Pangani". Utakuta mafaili ya ardhi, ya kodi, ya afya, ya mashauri ya madiwani, na ili ujue lipi la kuomba ni lazima uwe na majina: majina ya mitaa, ya koo, ya mashamba, ya misikiti, ya visima. Majina hayo yako mjini, vinywani mwa watu.

Zunguka basi kwa miguu, tena na mwenyeji. Andika kila jina kama anavyolitamka yeye, kisha ujizoeze kulitambua katika sura nyingine, kwa kuwa wageni waliandika walivyosikia. Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto, utakiona kwa Wajerumani kimekuwa Bueni. Abushiri amekuwa Buschiri. Wako waliokosa ushahidi mzuri kwa kutafuta jina kwa tahajia ya leo tu.

Yatazame majengo na makaburi kwa jicho la kusoma. Boma la Pangani lina masimulizi yake: husemwa kwamba watumwa walifukiwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisimame imara. Usilichapishe simulizi hilo kuwa jambo lililothibitishwa, wala usilitupe. Liandike pamoja na jina la aliyekusimulia, aliyemsimulia yeye, na umri wao. Hata asipopatikana mtu wa kuthibitisha habari za nguzo, simulizi lenyewe ni ushahidi wa namna mji unavyoukumbuka utumwa, na hilo hulikuti katika faili lolote la serikali.

Ukiwa njiani kutoka Tanga, simama Tongoni. Pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini ya kale, mengine yakiwa ya nguzo, na huenda hakuna mahali pengine pwani yetu palipokusanya makaburi ya namna hiyo kwa wingi huo. Piga picha, chora, pima, lakini usichimbe wala usiokote kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda, kama inavyolinda majengo yote yaliyosimamishwa kabla ya 1863, na kigae kikishaondolewa mahali pake hakimwambii tena mwanaakiolojia neno lolote la maana.

Karatasi za kashani

Hazina kubwa ya mji mdogo wa pwani ni karatasi za familia. Ni hati za kuuziana nyumba na mashamba ya minazi, wasia, hati za wakfu, talaka, madai ya deni, barua za ndugu walioko Unguja, na silsila za nasaba. Nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata pale lugha ilipo Kiswahili, kwa sababu watu wa pwani walikuwa na hati yao ya kuandikia muda mrefu kabla ya shule za Wazungu. Usipoweza kuisoma, tafuta mwalimu wa madrasa au mzee mwenye uzoefu mkae pamoja. Usiridhike na mtu kukueleza "kwa kifupi inasema nini". Mwombe akusomee neno kwa neno, urekodi, kwa kuwa majina ya mashahidi yaliyo mwishoni mwa hati mara nyingi yana faida kuliko mauzo yenyewe. Kwa majina hayo utajua nani alikuwa na hadhi mjini mwaka ule, na nani alikuwa jirani wa nani.

Hati isiyo na tarehe isikukatishe tamaa. Angalia fedha. Bei ikitajwa kwa riale, kwa kawaida uko katika karne ya 19. Rupia yenye pesa 64 ilitumika chini ya Wajerumani mpaka 1904, walipoigawa rupia kwa heller 100, kwa hiyo ukiona heller ujue hati haitangulii mwaka huo. Shilingi imeingia katika miaka ya mwanzo ya 1920, utawala wa Waingereza ulipokwisha kukaa. Vipimo navyo husaidia: frasila, pishi na mikono vilidumu katika biashara za watu baada ya ofisi kuanza kuandika ratili.

Tarehe inapokuwepo, huwa ni ya Hijria, na hapa panahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko wa jua. Ukiongeza 579 au 622 kwa kichwa tu utakosea miaka mizima. Tumia jedwali la kubadilishia au programu ya simu, na hata hivyo acha nafasi ya siku moja au mbili, kwa kuwa mwezi uliandama kwa macho ya watu wa mahali. Ijue pia miezi kwa majina ya Kiswahili. Hati ikisema Mfunguo Tatu ni Dhulhija, Mfunguo Nne ni Muharram. Mzee akisema jambo lilitokea kusi au kaskazi amekupa nusu ya mwaka, na hilo si dogo, kwa sababu majahazi yaliyoleta wageni, bidhaa na magonjwa yalikwenda na pepo hizo.

Wenye karatasi hizi wana haki ya kukuogopa. Anayenakili hati za mashamba huonekana ni mtu wa ardhi, au ni wakili wa ndugu mwenye madai. Sema wazi unachotafuta, usichukue karatasi kutoka nyumbani hata kwa usiku mmoja, piga picha palepale mbele ya mwenyewe, na umpe nakala safi iliyochapishwa. Kuna familia ambazo hati zao zimeliwa na mchwa, na kilichobaki ni ile nakala aliyoiacha mtafiti muungwana.

Wazee, na maswali mazito

Mengi yameandikwa juu ya kuhoji wazee, nami sitayarudia. Nataka kusisitiza jambo moja ambalo katika mji kama Pangani haliepukiki. Kuanzia miaka ya 1860 bonde la mto huu lilijaa mashamba ya miwa na mitambo ya kukamulia sukari, na kazi ile ilifanywa na watumwa. Wajukuu na vitukuu wa waliolima na wa waliomiliki wanaishi leo mtaa mmoja, wameoana, wanasali safu moja. Mtafiti anayeingia baraza la watu na kuuliza hadharani "ninyi asili yenu watumwa?" amewadhalilisha watu na hatapata lolote la kweli.

Uliza kuhusu kazi. Nani alikata miwa, sukari ilipikwa wapi, chakula kilitoka wapi, waliotoroka walikimbilia upande gani, watu walizikwa wapi. Mzee akitaka kusema zaidi atasema mwenyewe, siku yake, na pengine baada ya kuizima rekoda. Alichokiomba kisichapishwe kisichapishwe. Usidhani kuwa heshima hiyo inapunguza ukweli wa kazi yako, kwani ndiyo itakayokuwezesha kurudi mwakani ukapokewa.

Na wanawake wahojiwe. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu rafu za historia ya pwani zimejaa maneno ya masheikh, majumbe na maliwali, na mabibi waliokuwa na mji mikononi mwao wametajwa kama mama wa fulani. Ukitaka kuona kinachowezekana, soma "Wanawake Watatu wa Kiswahili", kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel ambamo wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa maneno yao wenyewe. Harusi, ngoma, mikopo, ugomvi wa vyama vya wanawake, uhusiano wa bibi na mjakazi, yote yamo, na mji mzima unaonekana kwa upande ambao faili la Bwana Shauri, afisa mkuu wa wilaya wa kikoloni, halikuufikia. Pangani inadai kitabu kama hicho.

Vitabu vya wapita njia

Sasa fungua vitabu vya wageni. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Pangani mwanzoni mwa 1857, wakaendelea hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wakilindi. Burton alikuwa na dharau kwa watu wa pwani, na dharau hiyo imeenea kurasa nzima. Lakini bwana huyuhuyu alikuwa na tabia ya kuhesabu. Anatuambia nyumba za mawe zilikuwa kama ishirini na kwamba zilizobaki zilikuwa za makuti. Anaorodhesha pembe za ndovu, pembe za vifaru, meno ya viboko na samli. Zichukue hesabu zake, hukumu zake juu ya tabia za watu ziache zimshuhudie yeye. Kumbuka pia kwamba kitabu chake kuhusu Zanzibar na pwani kilitoka 1872. Kati ya kuona na kuchapisha imepita miaka kumi na mitano, na kalamu ya mtu hubadili mengi katika muda huo.

Oscar Baumann, Mwaustria, ni shahidi wa namna nyingine. Alikuwa mchora ramani, na kitabu chake cha 1891 juu ya Usambara na nchi jirani kina maelezo ya miji, njia na watu ambayo hayapatikani kwa mwingine. Kimeandikwa kwa Kijerumani. Zamani hilo lilikuwa ukuta, leo programu za tafsiri zinakupa maana ya jumla, na kurasa mbili tatu zinazokuhusu sana unaweza kumwomba mjuzi wa lugha azihakiki.

Usiishie kwenye vitabu vinavyoutaja mji wako katika jina la jalada. Fungua faharasa za vitabu vya mambo mengine kabisa. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe kutoka Pangani, hana wasifu wake uliochapishwa kuwa kitabu. Lakini alisafiri Umasaini na Joseph Thomson mwaka 1883, kisha akafuatana na Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel katika safari iliyoanza 1887 na kufika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Thomson ameandika juu yake, von Höhnel ameandika juu yake. Ukiziweka kurasa hizo pamoja unampata mtu mzima: sura yake, mikopo yake, hila zake, ujuzi wake wa njia na wa Wamasai. Pamoja naye unaipata Pangani ya misafara, mji ambao vijana wake walizijua njia za Kilimanjaro na Baringo kabla ya mgeni yeyote kuzitia kwenye ramani.

Kutoka bara lililo nyuma ya mji, pana kitabu kisichokosekana: "Habari za Wakilindi" cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilichochapwa kwa mara ya kwanza na wamisionari wa Magila na kutolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kiswahili chake ni kizuri ajabu, na kinakufundisha kwamba historia ya Pangani haikuishia ufukweni. Mji ulikula kwa chakula cha Bonde na Usambara, ukauza chumvi, nguo na bunduki huko. Kwa desturi za watu wa Mrima, yaani wa pwani hii, ambatanisha nacho "Desturi za Wasuaheli" cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alikuwa mtu wa Bagamoyo, kwa hiyo usimhamishie Pangani kila alisemalo. Mtumie kuulizia: je, kwenu nako ilikuwa hivi?

Agosti 1888 kwa macho ya wengi

Ili kuona mashahidi wanavyofanya kazi wakikutana, tuchukue tukio moja lililoifanya Pangani ijulikane Ulaya. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa pwani ya Mrima. Makabidhiano yalikuwa yaanze 16 Agosti. Pangani alikuwepo Emil von Zelewski, mkuu wa kituo cha kampuni hiyo, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na liwali amtii, liwali akakataa bila ya amri ya Sultani, na wanamaji wa Kijerumani wakateremshwa mjini. Septemba Zelewski na wenzake wa kampuni walizuiliwa nyumbani mwao na wenyeji wenye silaha, hata Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani, akaja kuwatoa. Vita vikawaka pwani nzima. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa jirani na mji, akawa jina kuu la vita hivyo, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani.

Shahidi wa kwanza ni dola ya Ujerumani. Barua na ripoti za kikoloni zimo katika Nyaraka za Shirikisho huko Berlin, kundi R 1001, na sehemu kubwa inasomeka bure kwenye intaneti. Humo vita hivi vinaitwa uasi wa Waarabu, kazi ya wauza watumwa wanaolinda biashara yao. Usisome hapo bila kusoma kilichofuata: Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha mark milioni mbili kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Aliyeomba fedha hizo alihitaji adui wa namna fulani, na ripoti zikampatia.

Shahidi wa pili ni mateka. Baumann, akiwa pamoja na Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kibo mwaka uliofuata, alikamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa, wakaachiliwa kwa fidia. Kitabu chake juu ya vita hivyo kilitoka 1890. Ana kila sababu ya kumchukia Abushiri, ndiyo maana pale anapomtaja kwa wema maneno yake yana uzito. Pembeni yake weka barua za wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, ambazo nyingi zimehifadhiwa Oxford: Askofu Smythies alipita Pangani katikati ya ghasia na Abushiri mwenyewe akamlinda. Habari hii haikubaliani na picha ya Abushiri kuwa mwuaji asiye na mpango.

Shahidi wa tatu ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwenyeji wa pwani ya Tanga, mtungaji wa "Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima", ambao Allen aliuhariri na kuutoa katika miaka ya 1950. Hapa mji unasema kwa sauti yake. Wako wanaoutilia shaka utenzi kwa kuwa ni ushairi, wakiamini kwamba afisa aandikapo ripoti hafungwi na mapambo. Hafungwi na vina, lakini amefungwa na matarajio ya mkubwa wake. Mtunzi wa utenzi anawaandikia watu waliokuwepo, ambao wangemcheka akiwabadilishia majina ya waliopigana. Mwaka ulio katika jina kamili la utenzi ni 1307 wa Hijria, nao ulianza mwishoni mwa Agosti 1889. Kunyongwa kwa Abushiri kumeangukia Mfunguo Saba wa mwaka huo.

Turudi nyuma kwa jedwali lilelile la kalenda. Tarehe 16 Agosti 1888 ni mwanzo wa Mfunguo Tatu 1305, siku mbili tatu kabla ya Idi ya kuchinja. Ukisoma ripoti za Kijerumani peke yake, tarehe hiyo ni siku ya makabidhiano tu. Ukiisoma kwa kalenda ya mji, unaona Pangani iliyojaa watu: wa mashambani, wa misafara, wa Bweni, wa bara, wamekuja kula Idi. Ndipo lalamiko la wenyeji kwamba Wajerumani waliingia msikitini na mbwa linapata uzito wake wote, na unaelewa kwa nini hasira ilienea kwa kasi ile.

Kazi ya kuwakutanisha mashahidi hawa imefanywa kwa ustadi mkubwa na mwanahistoria Jonathon Glassman katika "Feasts and Riot", kilichochapishwa mwaka 1995. Anaonyesha kwamba waliolianzisha vuguvugu hawakuwa Waarabu wakubwa peke yao. Walikuwemo wapagazi, watoro, watumwa wa mashamba, na vijana wa mji waliokuwa wakigombea nafasi yao katika ngoma, karamu na jumuiya. Ni kitabu kigumu, cha wasomi, na kwa maoni yangu ndicho kitabu bora kilichowahi kuandikwa juu ya mji mdogo wa Mrima. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa sekondari wa Pangani hawezi kukisoma kwa lugha yake. Anayetafuta kazi ya maana ya kutafsiri, kazi ni hiyo.

Mafaili na magazeti

Kwa karne ya 20 sasa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinakufaa. Nenda na barua ya utambulisho, na uulize masharti ya kibali kabla ya kupanda basi, maana hubadilika. Kwa sheria ya 2002, kumbukumbu za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Majalada ya Kijerumani yana kundi lake, na mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hujifunza kuusoma. Yaliyo mepesi na yenye faida ya haraka ni vitabu vya wilaya, ambavyo mabwana shauri wa Kiingereza walivijaza kwa kupokezana: koo, majumbe, mipaka, mvua, njaa, mazao, sheria za kimila. Visome kwa tahadhari. Bwana shauri mpya alizoea kunakili alichoandika mwenzake, na kosa moja la 1925 linaweza kujirudia hadi uhuru likionekana kama mashahidi kumi.

Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zisisahauliwe. Kabla ya 1888 Pangani ilitawaliwa kutoka kule, na barua za ubalozi mdogo wa Uingereza zinaitaja mara nyingi katika habari za watumwa, madeni na ushuru. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki pamoja na hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na hapo pia utasoma matoleo ya "Tanganyika Notes and Records", jarida lililoanza 1936, ambamo maafisa, walimu na wapenzi wa mambo ya kale waliandika makala fupi juu ya miji mingi midogo. Kwa picha, fungua mtandaoni mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Picha moja ya gati ya zamani ukiwapelekea wazee itawafungua midomo kuliko maswali ishirini.

Magazeti ya Kiswahili nayapenda kuliko mafaili yote. "Kiongozi" lilitoka Tanga wakati wa Wajerumani. "Mambo Leo" lilianza 1923 chini ya Idara ya Elimu, na kwa miongo mingi likapokea barua na habari za miji kutoka kwa makarani, walimu na wasomaji wa kawaida: nani amehamishwa, mvua imenyesha kiasi gani, simba ameua wapi, mpira umekwishaje. Ni kweli gazeti lilikuwa la serikali na halikuchapisha kila kitu. Lakini walioandika walikuwa watu wa mji, wakiuandika mji wao, kwa Kiswahili chao. Pitia toleo kwa toleo bila haraka na uandike kila penye jina la Pangani. Baada ya miaka michache ya gazeti utaanza kuwatambua waandishi wa barua kama unavyowatambua majirani.

Walio hai

Sehemu moja ya historia ya Pangani haijapata Glassman wake. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndipo zao la mkonge lilipopandwa kwa mara ya kwanza nchini. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoigeuza Tanga nzima, na kutokana na mashamba wakaja manamba: Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, Warundi na wengine, walioandikishwa makwao na kuletwa kwa magari na treni kukata mkonge. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU ndiyo iliyosimamia kuwaandikisha.

Habari zao zimo katika majalada ya Idara ya Kazi, kwa tarakimu: wangapi wamefika, wangapi wametoroka, posho kiasi gani. Wenyewe hawakuachiwa nafasi ya kusema. Waliokata mkonge wakiwa vijana katika miaka ya 1950 sasa wana umri wa miaka tisini hivi, na walio hai wanaishi na wajukuu zao kwenye kambi za zamani za mashamba na mitaa ya pembezoni. Uliza Bweni, uliza Mwera. Chukua rekoda yenye chaji, daftari na mtu anayejua lugha ya kwao, kwa kuwa wengine walijifunza Kiswahili ukubwani na mambo ya utotoni wanayakumbuka kwa Kimakonde au Kiha. Waulize safari ya kuja ilichukua siku ngapi, walilala wapi, nyapara aliitwa nani, kadi ya kazi ilionekanaje, waliimba nini wakikata, mwenzao akifa alizikwa na nani. Nakala ya kwanza ya mazungumzo iache kwa familia, ya pili maktaba ya shule iliyo karibu, ya tatu Nyaraka za Taifa. Kazi hii ifanywe mwaka huu, mambo ya Berlin yanaweza kungoja.